Barua na Majani Makavu: Jinsi Mimea ya Usambara Ilivyopata Majina Yake ya Kilatini

Mtu asimamaye Kilole, karibu na Korogwe, akielekeza uso kaskazini, huiona milima ya Usambara imeinuka kama ukuta. Akigeuka kusini, ng'ambo ya mto Ruvu ambao pwani huitwa Pangani, nchi ya Uzigua yaenea mpaka Handeni. Nchi hizi zina mimea mingi sana, na aghalabu mmea mmoja una majina mawili: jina la wenyeji, kama vile mkulo au mshai au msambu, na jina la Kilatini liandikwalo vitabuni. Jina la kwanza mtoto hulipata kwa mama yake. La pili limetoka mbali, tena kwa njia ambayo wengi wetu hatujaifikiri, kwa kuwa tumezoea kudhani ya kwamba elimu ya mimea ilitungwa na wasafiri wakubwa waliopita nchini wakitaja kila walichokiona, kama Adamu alivyotaja wanyama.

Haikuwa hivyo. Majina hayo yalikuja kwa barua. Mtu mmoja aliyekaa nchini, mara nyingi mwenye kazi nyingine kabisa, alikausha jani akalipeleka kwa mtu mwingine ambaye pengine hakuonana naye maishani. Na huyo wa pili akaligawa, akampelekea wa tatu. Desturi hii ya kugawana yaweza kuonekana jambo dogo. Lakini kama isingalikuwapo, basi baada ya usiku mmoja wa mwaka 1943 mengi ya majina ya mimea ya Usambara yangalibaki maneno matupu. Habari ya usiku huo tutaifikia mahali pake.

Desturi yenyewe ilikomaa Ulaya katika karne ya 18. Mwaka 1753 Mswidi Carl Linnaeus, mwalimu wa chuo cha Uppsala, alitoa kitabu chake Species Plantarum, akaupa kila mmea jina la maneno mawili, neno la kwanza la jamii na la pili la aina. Nayo ndiyo kawaida ifuatwayo hata leo. Aliyetaja mimea ya dunia nzima hakuwa msafiri wa dunia nzima. Alipokuwa kijana alikwenda Lapland, kaskazini mwa nchi yake, akakaa Uholanzi miaka michache, kisha akarudi kwao asitoke tena. Mimea ndiyo iliyomwendea. Aliandikiana na watu wapatao mia sita, na barua zilizosalia zapita 5,000. Huyu alimtilia mbegu ndani ya bahasha, yule alimpelekea tawi lililokauka, naye akawajibu. Malipo hayakuwa fedha. Aliyepeleka kitu kipya aliweza kupewa heshima ya jina lake kufanywa jina la mmea, na heshima hiyo watu waliitamani kuliko dhahabu. Au alipelekewa mbegu za nchi nyingine naye azipande. Mwenye kupokea siku zote asitoe kitu alionekana mchoyo, na barua zake zilianza kukosa majibu.

Katika wanafunzi wa Linnaeus, aliyekaribia bahari yetu ni Peter Forsskål. Mwaka 1761 aliondoka Copenhagen pamoja na wenzake kwa amri ya mfalme wa Denmark, wakapita Misri wakafika Yemen. Wale waarabu wa Yemen na watu wa pwani yetu wamekuwa wakiendeana kwa jahazi tangu zamani, na mimea mingi ya kule ni ya huku pia. Forsskål alikuwa na tabia iliyo nadra kwa watu wa zama zake: alijua Kiarabu, na alipouona mmea aliuliza jina lake kwa wenyeji akaliandika, na mara nyingine jina lile lile akalifanya la Kilatini. Ndiyo sababu mirungi, ambayo Waarabu huiita qat na Wakenya miraa, katika vitabu huitwa Catha mpaka leo. Na kichaka cha chumvi kiotacho kandokando ya maji ya pwani yetu huitwa Suaeda, neno la Kiarabu lililovishwa kanzu ya Kilatini. Mwaka 1763, huko Yemen, aliuona mti wa zeri ya Makka ambao Linnaeus alikuwa na hamu nao kupita kiasi, akampelekea tawi lake pamoja na barua. Baadaye homa ikamshika, akafa mji wa Yarim tarehe 11 Julai mwaka ule ule.

Tawi lilifika Uppsala, na mwaka uliofuata mti ule ukaandikwa. Maandiko mengine ya Forsskål yalichukuliwa na Carsten Niebuhr, maana katika msafara ule wa wajuzi ni yeye peke yake aliyerudi hai, akayatoa mwaka 1775. (Na kwa kuwa Forsskål alikuwa amezoea kukausha majani, alikausha na samaki vivyo hivyo, akiibandika ngozi ya ubavu mmoja juu ya karatasi; samaki hao wamo Copenhagen hata sasa, nao wamelala bapa kama majani.) Tangu hapo jambo moja likawa wazi: mtu hufa, lakini alichokipeleka kwa mwenziwe huweza kuishi baada yake.

Yafaa tueleze kidogo kazi yenyewe, maana wengine wameisikia hawajaiona. Mtu hukata tawi lenye majani na maua, na matunda kama yapo, akalitandaza kati ya karatasi zinyonyazo maji, akalibana kwa mbao na kamba au mawe. Kila siku hubadili karatasi. Asipobadili, hasa nyakati za mvua milimani, jani hufanya ukungu likawa jeusi. Likisha kauka hubandikwa juu ya karatasi ngumu, na pembeni hutiwa kikaratasi chenye namba, mahali, tarehe, urefu wa mmea, rangi ya ua kabla halijakauka, na jina la mwenyeji kama limepatikana. Mkusanyaji mwenye busara hakati tawi moja. Hukata matatu au manne ya mti ule ule, yote akayapa namba moja: haya ni mapacha. Moja hulibakiza, mengine huyapeleka kwa wajuzi wa miji mbalimbali. Mjuzi akiona kwamba mmea haujapata kuandikwa, huuandika na kuupa jina, na lile jani alilolitazama likawa ndilo shahidi wa jina. Akitokea mtu baada ya miaka 100 akasema, "Jina hili ni la mmea gani?" haulizwi mwandishi, maana amekwisha kufa, huulizwa jani. Nyumba ziwekwamo majani haya huitwa hebariamu.

Sasa tuje kwetu. Katika karne ya 19 mtu aliyejulikana sana Unguja kwa kazi hii alikuwa John Kirk, daktari wa Kiskoti, aliyekuwa pamoja na Livingstone katika safari ya Zambezi, kisha tangu mwaka 1866 akakaa Unguja katika kazi ya ubalozi wa Uingereza muda wa miaka ishirini. Kazi ya balozi ilikuwa siasa, na kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Lakini barua zake kwa wakubwa wa bustani ya Kew, karibu na London, zilifuatana na mbegu, na miche, na majani makavu. Mpira wa porini uliokuwa ukiletwa sokoni na watu wa bara ulipata jina la Landolphia kirkii kwa sababu ya vielelezo vyake.

Kirk na mtu mwingine, kila mmoja kwa njia yake, walipata ua dogo la rangi ya urujuani liotalo penye kivuli juu ya mawe. Yule mwingine alikuwa Padri W. E. Taylor wa Mombasa, ambaye wasomaji wa lugha wamjua kwa kitabu chake cha mithali za Waswahili kilichotoka mwaka 1891. Vielelezo vyao vilipelekwa Uingereza, cha Kirk yapata mwaka 1884, cha Taylor mwaka 1887. Havikutosha. Ua hili lina majani manene yenye maji mengi. Kulikausha ni kazi, nalo likiharibika hapana mtu awezaye kuliandika kwa haki. Basi karatasi zile zikakaa sandukuni, na ua likabaki bila jina la Kilatini.

Mwaka 1892 likamfikia mtu wa tatu. Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa mkuu wa wilaya ya Tanga chini ya serikali ya Wadachi. Huyu naye alikuwa mtu wa lugha: mwaka 1890 alikuwa amekwisha kutoa Berlin kitabu cha kufundishia Kiswahili. Aliliona ua hili mahali pawili, karibu na Tanga katika nyufa za mawe ya chokaa, mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini. Na tena katika misitu ya Usambara penye mawe magumu, kiasi cha futi 2,500 juu ya bahari. Hakupeleka jani kavu. Alimpelekea baba yake huko kwao kitu chenye uhai, na baba, aliyependa sana bustani, akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover. Wendland aliliotesha, akaliona limechanua mbele ya macho yake, na mwaka 1893 akaliandika kwa jina la Saintpaulia ionantha: neno la kwanza kwa heshima ya baba na mwana, la pili kwa Kiyunani maana yake ni lenye maua kama ya urujuani. Mwaka huo huo likaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya maua mjini Ghent, na kutoka hapo likauzwa na wauza mbegu, na leo limo madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani zisizo na hesabu, kwa watu ambao wengi wao hawajasikia neno Usambara.

Wengine husema ya kwamba Saint Paul ndiye aliyeligundua ua hili. Neno hili silikubali. Washambaa na Wabondei walipita penye mawe yale maisha yao yote. Na hata katika wageni yeye alikuwa wa tatu. Alichokuwa nacho ambacho Kirk na Taylor hawakukipata ni baba mwenye bustani, na rafiki wa baba mwenye kalamu. Jina la mmea halimfuati aliyeuona kwanza, wala aliyeujua zaidi. Humfuata yule ambaye barua yake ilifika salama.

Hata hivyo kazi kubwa ya Usambara haikuwa ya mkuu wa wilaya. Ilikuwa ya kijana Carl Holst, fundi wa bustani. Alikaa milimani katika miaka ya kwanza ya 1890, akakusanya upande wa Mlalo, akashuka mpaka Mashewa, ambako leo ni wilaya ya Korogwe, na mpaka nyika ya chini. Alikausha, akatia namba, akapeleka Berlin kwa Adolf Engler, mkuu wa bustani na hebariamu ya huko. Holst alikufa mwaka 1894, hajafika miaka thelathini. Mwaka huo huo Engler alitoa maelezo marefu juu ya mpango wa mimea ya Usambara, kuanzia mikoko ya pwani mpaka misitu ya juu, naye alikuwa hajaiona Usambara bado. Aliiona kwa macho yake mwaka 1902 tu. Yote aliyoyaandika kabla ya hapo aliyasoma katika karatasi za Holst na wenziwe, kama mtu asomavyo nchi ya ugenini katika barua za nduguye. Na walioyapima maandiko yake baadaye huyasifu.

Ua moja la Holst lina kisa kinachofundisha kanuni ya majina. Engler na mwenziwe Warburg waliliita Impatiens holstii mwaka 1895, nalo ni lile ua laini la rangi nyekundu au ya waridi ambalo watu hulipanda barazani penye kivuli. Baadaye wajuzi waliliweka pamoja na karatasi za zamani za Zambezi, wakaona ni ua lile lile lililokwisha kuandikwa mwaka 1868 kwa jina la Impatiens walleriana, kwa heshima ya Horace Waller, mmoja wa watu wa kwanza wa UMCA waliokwenda nchi ya Nyasa pamoja na Askofu Mackenzie. Kanuni ni kwamba jina la kwanza hulishinda la pili. Basi jina la Holst likaondoka, la Waller likabaki. Neno hili halikuweza kuamuliwa na mtu yeyote mpaka jani la Usambara na jani la Zambezi yalipolinganishwa.

Twaweza kuuliza, katika majina haya yote ya heshima, yu wapi mwenyeji? Mti mmoja waitwa kwa Stuhlmann, mwingine kwa Engler, mwingine kwa Zimmermann. Na katika jamii ya matopetope kuna mti wa misitu ya pwani ambao mwaka 1936 ulipewa jina la Lettowianthus, kwa heshima ya jemadari Lettow-Vorbeck, ambaye kazi yake nchini hatukuisikia kuwa ni ya bustani. Lakini yule aliyekwea mti kukata tawi la juu lenye ua, na yule aliyejua kwamba mti ule huchanua baada ya mvua za vuli, na yule aliyebeba mzigo wa karatasi kichwani kutoka Mlalo mpaka pwani asiulowanishe penye vijito, aghalabu hawamo katika vikaratasi. Wamo kwa njia moja tu, na njia hiyo ni lile jina la mmea kwa lugha ya kwao, lililoandikwa pembeni kwa penseli. Tena jina hilo mara nyingi limeandikwa vibaya kwa sikio la mgeni, na mara nyingine aliyeulizwa alijibu "ni mti tu," mgeni akaandika hivyo hivyo.

Mwaka 1902 serikali ya Wadachi ilianzisha Amani chuo cha utafiti wa mimea na kilimo, kwa mfano wa bustani ya Buitenzorg katika kisiwa cha Java. Mkuu wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, na baada yake Albrecht Zimmermann, ambaye mwenyewe alikuwa ametumika Java. Mwaka huo huo reli ya Tanga ilifika Korogwe. Kubadilishana, ambako hapo kwanza kulitegemea urafiki wa mtu na mtu, sasa kukawa kazi ya ofisi: Amani ikapeleka mbegu na majani, ikapokea mbegu na majani, na kila kitu kikaandikwa daftarini. Mjuzi mmoja wa Amani, Karl Braun, aliyefika mwaka 1904, aliweka shajara nyingi ndani yake akiandika mimea na jinsi wenyeji wanavyoitumia. Shajara hizo zimo katika mji wa Stade huko Ujerumani. Faida ya kubadilishana ilionekana katika vita vya 1914 mpaka 1918. Meli zilipokoma na barua zikakatika, Amani ilitengeneza kwinini kwa magome ya miti iliyopandwa hapo, mti ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini.

Na mkonge, ambao wasomaji wa Korogwe wauona kila siku, ni mtoto wa kubadilishana vile vile. Henry Perrine, balozi wa Marekani huko Campeche katika Mexico, aliupeleka Florida katika miaka ya 1830, akauandika kwa jina la Agave sisalana. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kwa njia ya Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, nayo ndiyo iliyopandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba yote ya bonde letu yalianzia hapo.

Mkonge waonyesha pia kwa nini jina peke yake halitoshi. Katika kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903, neno mkonge ni mmea wa nyuzi wa kwetu, ule wajuzi wauitao Sansevieria, uotao porini penye kivuli. Mgeni wa Florida alipokuja akiwa na nyuzi bora zaidi, alichukua na jina. Mtu asomaye barua ya kale iliyotaja "mkonge" asidhani ni huu. Kama mwandishi wa barua ile angalitia na jani moja ndani yake, shaka isingalikuwapo.

Sasa twafika ule usiku. Vielelezo vya Holst, na vya Stuhlmann, na vya wengi wengine, vilikuwa Berlin, mtaa wa Dahlem. Na kwa kuwa Engler na wenziwe ndio walioyatoa majina, mashahidi wa majina hayo walikuwa huko. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu ya ndege yaliiangukia hebariamu ikawaka moto. Sehemu kubwa ya majani ikaungua pamoja na maktaba. Mamia ya mimea ya Afrika ya Mashariki ikawa na jina na maneno machache ya Kilatini, bila jani la kuliuliza.

Kazi iliyofuata ilichukua miaka mingi nayo haijesha. Wajuzi walianza kutafuta mapacha. Holst alikuwa amekata zaidi ya tawi moja. Berlin ilikuwa imewagawia Kew, na London, na miji mingine. Kila pacha lilipoonekana, namba yake ikalinganishwa na namba iliyochapwa kitabuni, na kama ni ile ile, jani lile likateuliwa kuwa shahidi mahali pa lililoungua. Katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya Mashariki, kilichotoka sehemu kwa sehemu tangu mwaka 1952 mpaka 2012, nacho kimeandika mimea zaidi ya aina 12,000, msomaji ataona mara nyingi herufi B, ndiyo Berlin, na kando yake alama ndogo ya msalaba, maana yake limeungua. Na baadaye kidogo herufi K, ndiyo Kew, pasipo msalaba. Mimi hupenda kuzitafuta alama hizi. Palipo na namba ya Holst ya Mashewa, na msalaba, na kisha K, twajua ya kuwa mtu fulani huko Berlin, aliyekuwa akifunga vifurushi, hakuona uchoyo.

Nchini kwenyewe Waingereza waliirudisha kazi ya Amani, na tangu mwaka 1928 mpaka 1950 P. J. Greenway alikuwa hapo na kisha Nairobi, maana hebariamu ya Amani ilihamishiwa Nairobi karibu na mwaka 1950. Greenway alifanya jambo ambalo Engler hakulifanya: alikusanya majina ya Kiswahili ya mimea, akayaweka kando ya majina ya Kilatini, akatoa kitabu mwaka 1937 na tena mwaka 1940. Kwa upande wa Wafaransa, Padri Charles Sacleux, aliyekaa Unguja na Bagamoyo tangu miaka ya 1870 ilipokuwa ikiisha mpaka mwaka 1898, alipeleka majani yake Paris, na miaka arobaini baadaye akatoa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, ambayo ndani yake mti hautajwi "aina ya mti" tu, kama ilivyo desturi ya kamusi nyingi, bali hutajwa kwa jina lake la Kilatini. Aliweza kufanya hivyo kwa kuwa alikuwa amekusanya majani. Jamii moja ya mimea yaitwa Sacleuxia. Kwa haki hasa heshima hiyo ingalikuwa ya kamusi.

Majina hayakuacha kubadilika. Wajuzi walipoanza kupima uhusiano wa mimea kwa mambo yaliyo ndani ya chembe zake, waliona ya kuwa ua la Saint Paul si jamii ya peke yake, bali ni tawi la jamii ya Streptocarpus iliyoandikwa mapema zaidi. Tangu mwaka 2015 wengi wao huliandika Streptocarpus ionanthus, na Saintpaulia limebaki jina la kikundi ndani ya jamii ile. Wauza maua hawalijali jambo hili hata kidogo.

Na mwaka 1970 Bernard Verdcourt, aliyepata kutumika Afrika ya Mashariki kabla ya kuhamia Kew, alikuwa na kichaka cha pwani mbele yake, cha jamii ile ile ya matopetope, ambacho kilistahili jina jipya la jamii. Wanawake wa pwani wamekipanda uani tangu zamani kwa sababu ya maua yake, ambayo huyavaa na kuyatia katika manukato. Hakutafuta jemadari wala mkuu wa wilaya. Alichukua neno walilokuwa wakiliita wao, akaliandika jinsi lilivyo, bila kulivisha kanzu yoyote, na hivyo ndivyo liandikwavyo sasa katika kila hebariamu ya dunia: Mkilua fragrans.